Wiki ya sita najifunza gari ya klachi bado inanizimikia mlimani, nivumilie au nihamie oto?

Zuhura_Njiani:

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri wa kweli maana hili jambo linaninyima usingizi. Niko wiki ya sita najifunza kuendesha, gari ya klachi. Kwenye tambarare sasa hivi naenda vizuri tu, gia ya kwanza mpaka ya nne naingiza bila kuangalia, kurudi nyuma naweza, kupaki naweza. Shida ni mlima. Nikisimama kwenye kilima halafu kuna gari nyuma yangu basi mguu wa kushoto unaanza kutetemeka, naachia klachi kwa pupa gari inastuka inazima, nawasha tena inarudi nyuma, wa nyuma anapiga honi nazidi kuchanganyikiwa. Juzi imezima mara nne mfululizo sehemu moja, mwalimu akashuka akaja kukaa yeye kwenye usukani. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, siwafichi.

Mume wangu anasema niachane na klachi nijifunze oto tu, yaani ile inayobadilisha gia yenyewe, kwa sababu gari tunayotarajia kununua itakuwa oto. Kaka yangu anasema asiyejua klachi hajui gari, eti siku ya dharura nikikuta gari iliyopo ni ya klachi nitamwangalia mgonjwa huku funguo ninayo mkononi. Wote nawaheshimu, wote wananivuta huku na huku.

Njia nitakayokuwa napita kila siku na watoto ina kilima kirefu, asubuhi tunateremka jioni tunapanda, na foleni ipo. Je niendelee au nihamie? Na ni kweli oto inakula sana mafuta na ikiharibika giaboksi ndiyo basi tena?

Dereva_wa_Masafa:

Pole sana binti yangu, na hongera, wiki ya sita kuingiza gia bila kuangalia siyo jambo dogo. Mimi nimeendesha malori miaka mingi na nimefundisha vijana wengi, nakuhakikishia tatizo lako siyo mlima, tatizo ni kwamba mguu wako bado haujaijua ile sehemu klachi inaposhika. Unaachia kwa kubahatisha. Tambarare inakusamehe, mlima hausamehi.

Fanya hivi. Tafuta uwanja ulionyooka usio na watu. Washa gari, ingiza namba moja, mguu wa kulia uweke pembeni kabisa usiguse mafuta. Sasa achia klachi taratibu, taratibu mno, mpaka gari ianze kutembea yenyewe bila mafuta. Ikitembea kidogo kanyaga tena klachi, breki, simama. Rudia mara thelathini. Usichoke, thelathini. Utasikia mambo mawili kila mara kabla haijaondoka, mlio wa injini unashuka kidogo unakuwa mzito na pua ya gari inainuka kama inataka kuruka. Hapo ndipo inaposhika. Mguu wako ukishapajua hapo hata uamshwe usingizini utapapata.

Halafu ndiyo uende mlimani, ila anza na kilima kidogo na bila gari nyuma. Vuta hendibreki, namba moja, ongeza mafuta kidogo mpaka injini iungurume kidogo, achia klachi mpaka pale inaposhika pua inainuka, SIMAMISHA mguu hapo hapo usiendelee kuachia, sasa shusha hendibreki. Gari haitarudi nyuma. Ikishaanza kwenda mbele ndiyo umalizie kuachia klachi na kuongeza mafuta. Kosa la wanafunzi wengi ni kwamba hendibreki ikishuka tu na wao wanaachia klachi yote kwa hofu, inazima.

Na honi ya wa nyuma usiijibu na miguu. Mwache apige. Na yeye alijifunza.

gia_tano:

Kaka yako yuko sahihi. Klachi ndiyo udereva wenyewe, oto mtu yeyote anaweza, unaweka D ya kwenda mbele unakanyaga. Ukianza na oto hutarudi kujifunza klachi maisha yako yote, nimeshuhudia wengi. Vumilia.

MamaPacha_barabarani:

@gia_tano samahani ndugu yangu ila kauli kama hizi ndizo zinazowafanya watu wapande gari wakiwa na hofu. Mimi naendesha oto mwaka wa kumi na moja huu. Goti langu la kushoto lilifanyiwa upasuaji, nikikanyaga klachi mara ishirini kwenye foleni usiku silali kwa maumivu. Bila oto nisingekuwa na uwezo wa kujipeleka hata kliniki. Sasa mimi siyo dereva? Nimeendesha usiku, mvua, ukungu, nimebeba wagonjwa, sijawahi kugonga mtu wala kitu.

Udereva ni kuangalia mbele, kuacha nafasi, kujua huyu wa pembeni anataka kufanya nini kabla hajafanya. Mwanafunzi ambaye akili yote iko kwenye mguu wa kushoto hamuoni mtoto anayevuka. Oto inakurudishia ile akili barabarani.

Dada Zuhura mimi nakushauri hivi, kama gari yako itakuwa oto basi hakikisha saa nyingi unazipata kwenye oto kabla hujabeba watoto. Ila klachi usiitupe kwa sababu ya machozi ya siku moja. Halafu jambo moja la kuangalia ni leseni, hili linategemea nchi. Kuna nchi kama Uingereza ukifanyia mtihani kwenye oto leseni yako inakuruhusu oto tu, ukitaka klachi unarudi kufanya mtihani upya. Marekani leseni ya kawaida ya gari ndogo haina kizuizi hicho. Ulizia kwenu kabla hujahama, isije ikakugharimu mtihani wa pili.

Fundi_Spana13:

Ngoja niingie kwenye hilo la mafuta na kuharibika maana ndiyo kazi yangu, na maneno ya mtaani ni mengi.

Kwanza tuelewane kwamba "oto" siyo kitu kimoja. Watu wananunua bila kujua ndani mna nini halafu wanalaumu. Kuna ile ya kawaida yenye toki konveta, hii haina klachi ya kukanyaga, injini inasukuma oili na oili ndiyo inazungusha upande wa pili, ndiyo maana unaweza kusimama ukiwa kwenye D na injini isizime. Kuna CVT, hii haina gia za kuhesabu, ina puli mbili na mkanda wa chuma katikati, puli zinapanuka na kubana. Kuna ya klachi mbili, moja inashughulika na gia za witiri nyingine za shufwa, inabadilisha haraka sana. Na kuna ile wengine wanaiita roboti, ni giaboksi ya klachi kabisa ila kompyuta na mota ndiyo zinakukanyagia klachi. Zote utakuta dereva ana pedeli mbili tu, lakini tabia zake ni tofauti mno. Hizo mbili za mwisho kwenye kilima na foleni usizishikilie kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo, klachi iliyomo ndani inaungua vilevile kama ya kawaida, shika breki.

Mafuta. Zamani ilikuwa kweli. Oto za gia tatu au nne zilikuwa zinakula kwa sababu ile konveta inateleza, injini inazunguka zaidi ya giaboksi na ile tofauti yote inaishia kuwa joto kwenye oili. Siku hizi konveta ina klachi ndani inayoifunga ukishachanganya mwendo, hakuna kuteleza, na giaboksi zimefika gia 8, 9 mpaka 10 kwa hiyo injini inatembea mizunguko ya chini. Oto mpya unakuta inakula sawa na klachi au chini yake. Lakini kama unanunua gari ya zamani ya gia nne, ndiyo, utaona tofauti.

Kuharibika sasa. Klachi ikiisha dalili yake unaijua, unakanyaga mafuta mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda gari haiongezi mwendo, na harufu ya kuungua. Unabadilisha seti yote, sahani, presha pleti na beringi, kazi inaeleweka na mafundi wengi wanaiweza. Ila nawaomba wenye klachi acheni kupumzisha mguu juu ya pedeli, beringi inasagika bure.

Oto haisumbui mara kwa mara lakini ikisumbua inauma. Na nyingi ninazofungua zimeuliwa na oili. Mtu hajawahi kubadilisha tangu anunue, au kaweka ya aina nyingine. CVT ina oili yake, siyo ATF, ile oili ya oto za kawaida, ukikosea mkanda unateleza kwenye puli na ndiyo umeshaua. Soma kitabu cha gari, weka ile ile iliyoandikwa, na ukiambiwa oili ya maisha yote ujue hata maisha ya giaboksi yanahesabiwa.

Halafu oto ikikuzimikia njiani USIKUBALI ivutwe kwa kamba magurudumu yanayozungushwa na injini yakiwa chini. Pampu ya oili ya giaboksi nyingi inazungushwa na injini, injini ikizima oili haitembei, vyuma vinasagana vikavu. Ita brekidauni inyanyue. Na betri ikiisha hakuna kusukuma kama klachi, tafuta waya za kubusti.

Zuhura_Njiani:

Asanteni sana jamani, yaani mmenituliza. @Dereva_wa_Masafa baba yangu kesho naanza hiyo ya mara thelathini, mwalimu hakuwahi kunionyesha hivyo, yeye anasema tu achia taratibu.

@MamaPacha_barabarani pole kwa goti, nimekuelewa.

Ila kuna kitu kinanichanganya. Hapa klachi nimefundishwa kwenye mteremko mkali naweka gia ndogo injini inashikilia gari. Sasa mume wangu anasema oto unaacha D tu inajipangia yenyewe, mguu kwenye breki. Ni kweli? Nauliza kwa sababu ya ule mteremko wa asubuhi.

Njia_Panda77:

Usifanye hivyo, nakuomba. Hii nakuandikia kwa moyo wote kwa sababu imenikuta.

Mwaka wangu wa kwanza na oto, nilijifunzia oto sikuwahi kushika klachi, nilikuwa nateremka mlima mrefu wenye kona, gari imejaa familia na mizigo, nimeweka D mguu uko kwenye breki muda wote, nakanyaga kidogo kidogo ili nisiende kasi. Nikajiona nipo makini. Baada ya kama dakika kumi nikasikia harufu kama ya kitu kinaungua nikadhani ni lori lililokuwa mbele. Halafu pedeli ikaanza kuwa laini, nakanyaga inazama, nakanyaga tena inazama zaidi, gari haipungui vile ninavyotaka. Sijawahi kuogopa namna ile. Mama yangu alikuwa kiti cha nyuma amepakata mtoto.

Kilichotuokoa ni shemeji yangu aliyekaa pembeni, dereva wa klachi, akasema kwa sauti ya chini kabisa shusha gia, weka 2. Nikavuta kwenye 2, injini ikalia kwa nguvu nikafikiri inapasuka, gari ikaanza kujizuia. Akaniambia vuta hendibreki kidogo kidogo usiibane kwa mpigo. Tukasimama pembeni palipokuwa na nafasi. Magurudumu ya mbele yanatoa moshi. Tulikaa hapo zaidi ya saa moja mpaka yakapoa.

Hakuna aliyewahi kunifundisha zile herufi na namba zilizo chini ya D ni za nini. Mwalimu aliniambia P ya kupaki, R ya kurudi nyuma, N ya frii, D ya kwenda mbele, nyingine hazikuhusu. Zinakuhusu!

Fundi_Spana13:

Asante @Njia_Panda77 kwa kusema hili, na namshukuru Mungu mlisimama.

Kilichotokea ni hiki. Breki inageuza mwendo kuwa joto, ukiibonyeza mfululizo haipati muda wa kupoa. Pedi zikizidi joto zinapoteza kushika. Joto likiendelea linafika kwenye mafuta ya breki yenyewe yanachemka, yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke ukikandamizwa unasinyaa, maji maji hayasinyai, ndiyo maana pedeli inazama. Na mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa siku hadi siku. DOT 4, moja ya aina za mafuta ya breki, ikiwa mpya kiwango chake cha kuchemka ni angalau nyuzi 230 za Selsiasi, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155 hivi. Kwa hiyo ndugu yangu usibadilishe pedi tu ukasahau mafuta, kila miaka miwili badilisha.

Dada Zuhura jibu lako sasa. Oto kwenye D inataka kukuwekea gia kubwa ili ipunguze mafuta, yenyewe haioni mlima. Zipo mpya ambazo zinahisi mteremko zinashusha gia zenyewe lakini usizitegemee kwa macho yaliyofumbwa. Wewe ndiye unayeona mlima. Kabla hujaanza kuteremka, siyo ukiwa katikati umeshachanganya, punguza mwendo halafu weka gia ndogo. Kama giaboksi yako ina 3, 2, L basi 3 au 2 kwa mteremko wa kawaida, L, ile gia ya chini kabisa, kwa mkali sana ukiwa mwendo mdogo. Kama ina M au alama ya kujumlisha na kutoa, unashusha mwenyewe. Kwenye CVT tumia S au L. Gari za haibridi za Toyota zina B, watu wengi wanadhani ni ya kuchaji betri, hapana, B ni ya kuishikisha injini kwenye mteremko.

Na zile oto za zamani kidogo zenye kitufe pembeni ya liva kimeandikwa O/D, ukikibonyeza taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi, maana yake umeifungia ile gia kubwa ya mwisho. Taa hiyo siyo ubovu. Kwenye mteremko wa kawaida iwashe hiyo taa, ukifika tambarare bonyeza tena izime, ukisahau utaona mafuta yanaisha haraka.

Injini ikilia mizunguko 3,000 au 4,000 kwenye mteremko usiogope, haiungui, na kwa gari za injekta mafuta yanakatwa kabisa ukiwa kwenye gia umeachia pedeli. Wale wanaoteremka frii eti wanaokoa mafuta wanapoteza vyote, injini ikiwa frii inabidi iendelee kunywa ili isizime, na gari imebaki inategemea breki peke yake.

Dereva_wa_Masafa:

Fundi umesema kweli tupu. Sheria tuliyofundishwa sisi ni teremkia gia ile ile ambayo ungepandia. Ile breki unaikanyaga kwa kishindo kifupi kupunguza mwendo halafu unaiachia ipoe, mwendo ukipanda tena unarudia, siyo kuilalia.

Na niwaambie vijana wa "klachi ndiyo udereva", sisi wa zamani tulikuta magari ambayo gia hazina sinkronaiza, kile kifaa cha kulinganisha mzunguko wa gia, unakanyaga klachi unatoa gia, unaachia, unaongeza mafuta, unakanyaga tena ndiyo unaingiza. Klachi mara mbili kwa gia moja. Ilipokuja giaboksi inayojilinganisha wazee wakasema hao watakaoendesha hizi siyo madereva. Cadillac waliiweka mwaka 1928. Na oto yenyewe siyo ya leo, General Motors walianza kuiuza kwenye Oldsmobile za modeli ya 1940. Na magari ya umeme yanayokuja mengi yana gia moja tu, hayana klachi wala konveta. Mimi naipenda klachi, nitakufa naipenda, lakini siwezi kumwambia mtu anayefikisha watoto wake salama kwamba hajui kuendesha.

gia_tano:

Nimekuelewa mzee. Na @MamaPacha_barabarani naomba radhi dada, sikufikiria mtu mwenye maumivu. Bado nasimamia kwamba aliyepitia klachi anaijua gari yake zaidi, hata hiyo habari ya shemeji ni dereva wa klachi ndiye aliyejua la kufanya. Ila neno langu la "mtu yeyote anaweza" nalifuta.

MamaPacha_barabarani:

Yameisha ndugu yangu, tuko pamoja.

Zuhura nikuongezee mawili ya oto kabla sijasahau. Mguu wa kushoto upumzishe kabisa pembeni, usikanyagie breki. Wewe uliyezoea klachi mguu ule umezoea kukanyaga mpaka chini, ukiupeleka kwenye breki kwa mazoea gari itasimama ghafla wa nyuma akuingie. Siku mbili tatu za mwanzo ndiyo hatari. La pili kupaki kwenye kilima, usiweke P halafu ukaachia breki, gari yote inaning'inia kwenye kichuma kidogo ndani ya giaboksi na siku ya kutoa utasikia inalia "kaa". Shika breki, weka N, vuta hendibreki, achia breki gari ilalie hendibreki, ndiyo uweke P.

Zuhura_Njiani:

Wakuu nimerudi kuleta majibu, ni siku tisa zimepita.

Ile ya uwanjani nilifanya siyo thelathini, nilifanya mpaka nikapoteza hesabu, siku tatu mfululizo. Siku ya nne tukaenda kilima kidogo. Jana tukaenda pale pale iliponizimikia mara nne. Nikasimama, kulikuwa na gari nyuma, nikasikia mlio umeshuka, pua ikainuka, nikashusha hendibreki na ikakaa tuli kama imefungwa kamba. Ikaondoka. Nilisimama tena juu kidogo makusudi nirudie, ikaondoka tena. Mwalimu hakusema kitu alitabasamu tu.

Nimeamua namalizia mtihani kwenye klachi, halafu oto nitajifunza na mume wangu jumapili kabla sijabeba watoto. Nimemsomea maelezo ya @Njia_Panda77 yote, alikaa kimya muda mrefu, akasema hajawahi kugusa L tangu aanze kuendesha. Tumekubaliana gari tutakayokwenda kuangalia tutaijaribu kwenye ule mteremko kwanza. Fundi, kuna kitu kingine cha kuangalia kwenye giaboksi siku hiyo?

Fundi_Spana13:

Hongera sana dada, imenifurahisha kweli.

Siku hiyo mwambie muuzaji asiiwashe kabla hamjafika, mnataka kuiona ikiwa baridi, ubovu mwingi unajificha injini ikishapata moto. Washa, kanyaga breki, toa P weka R, kisha D. Inatakiwa ishike ndani ya sekunde moja hivi, kwa upole. Ikichelewa au ikipiga kishindo, uliza maswali. Ukiendesha sikiliza kati ya gia na gia, RPM isipande peke yake gari imebaki nyuma. Mkirudi ikiwa imeshapata joto rudia tena ile ya R na D. Kama ina kijiti cha kupimia oili kivute, oili nzuri ni nyekundu au kahawia nyepesi kutegemea umri wake, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua iacheni hata kama rangi ya nje inang'aa. Na kwenye mteremko weka 2 uone kama inashika kweli, maana wapo ambao gia hiyo haijatumika miaka na miaka na hakuna anayejua kama bado ipo.